Vitabu kwa Shule ya Malawi: Ijue Nchi Kwanza, Ndipo Ufunge Maboksi

Boksi la vitabu likifunguliwa kwenye shule ya msingi ya kijijini Malawi, wengi wa watoto watakaolizunguka ni wa Darasa la 1 hadi la 4. Huko ndiko kwenye msongamano. Mwalimu mmoja kukabili watoto zaidi ya 100 si habari ya kushangaza. Na watoto hao wanajifunza kusoma kwa Chichewa. Wakikuta riwaya nene za Kiingereza, vitabu vya uhasibu na miongozo ya kompyuta zilizokwisha kuzikwa, watatazama picha za majalada na kutawanyika. Mwalimu mkuu atabaki na mzigo asioweza kuutumia wala kuutupa, kwa sababu zawadi haitupwi.

Ndiyo maana uchangiaji wa vitabu hauanzii kwenye kukusanya. Unaanzia kwenye kuijua nchi, maana kila unachokijua kuhusu nchi hiyo kinaamua kitabu kipi kiingie boksini na kipi kibaki. Mwongozo huu unafuata mzigo mdogo: vitabu 400 kwa shule moja, kwa barabara kupitia Mbeya. Kiasi hicho watu watano wanakimudu bila ofisi wala ghala.

Nchi yenyewe

Malawi, iliyoitwa Nyasaland hadi uhuru wa tarehe 6 Julai 1964, ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1994. Wanafunzi waliruka kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 kwa mkupuo. Madarasa, walimu na vitabu havikuweza kukimbia kwa kasi hiyo, na pengo hilo bado linaonekana. Elimu ya msingi ni miaka 8, sekondari miaka 4. Mitaala hutayarishwa na Malawi Institute of Education iliyoko Domasi, karibu na Zomba, kwa hiyo kitabu cha kiada cha Tanzania au Kenya hakilingani na mtihani wa mtoto wa huko hata kama somo lina jina lilelile.

Lugha ndiyo inayohitaji muda wako zaidi. Sheria ya Elimu ya 2013 inataja Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, ila mpango wa taifa wa kusoma ulioanza 2016 uliwapa watoto wa madarasa ya chini vitabu vya Chichewa pamoja na vya Kiingereza. Kwa vitendo, mtoto wa Darasa la 2 anasoma Chichewa kwanza, na Kiingereza anakifahamu kwa maneno machache. Kuanzia Darasa la 5 Kiingereza kinashika usukani, na hapo ndipo wengi hukwama.

Chichewa nacho si lugha ya nyumbani ya kila mtoto. Kaskazini, kuanzia Mzimba hadi Rumphi, watu huzungumza Chitumbuka. Nkhata Bay kuna Chitonga. Mangochi na Machinga ni Chiyao, na kusini kabisa, Nsanje na Chikwawa, ni Chisena. Karonga na Chitipa zina lugha zake, na Kiswahili cha sokoni kinasikika huko kwa sababu ya mpaka, lakini hilo lisikudanganye ukapeleka vitabu vya Kiswahili: anayeelewa bei ya nyanya si lazima aweze kusoma hadithi.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati na mtego kwa pamoja. Bahati ni kwamba ukifungua kijitabu cha Chichewa utaona jamaa zako: nyumba, nyama, mwana, moto, mbuzi, madzi (maji), njoka (nyoka), nkhuku (kuku). Fisi ni fisi, na sungura mjanja wa hadithi anaitwa Kalulu. Mtego ni maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Kamba kwao ni kobe. Kalata ni barua, wala haichezwi. Kupita ni kwenda. Kuwerenga ni kusoma, na pia kuhesabu. Tahajia ina sheria zake: r huandikwa baada ya i na e, kwingineko ni l, na ph si f bali ni p yenye pumzi. Kwa hiyo usijaribu kutafsiri hadithi mwenyewe kwa kamusi, na tafsiri ya kompyuta isichapwe kabla mwalimu wa huko hajaisoma kwa sauti.

Jambo moja la mwisho kuhusu lugha, maana hukosewa mara nyingi. Chinyanja cha Zambia na Chichewa cha Malawi ni lugha moja, ila Zambia huandika c pale ambapo Malawi huandika ch. Mtu mzima haoni shida. Mtoto anayejifunza herufi wiki hii, aliyefundishwa ch asubuhi na kukutana na c jioni, anachanganyikiwa. Ukipata vijitabu vya Zambia, vipeleke kwa Darasa la 5 na kuendelea.

Kisha kalenda. Mwaka wa shule huanza Septemba na kuisha Julai. Mvua ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Januari hadi Machi ghala za nyumbani huwa zimekwisha na mahindi mapya hayajakomaa, hivyo utoro huongezeka kwa sababu ya njaa na vibarua. Dirisha zuri la kufikisha mzigo ni mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba: walimu wamesharudi, waliohamishwa wameshahama, na barabara bado ni kavu. Mei na Juni pia panafaa. Mzigo ukifika Agosti utakuta shule imefungwa, ukilala kwa mtu, na vitabu vinavyolala kwa mtu hupungua.

Kuipata shule

Usiichague shule kwa picha. Andika barua kwa ofisi ya elimu ya wilaya, ukitaja idadi ya vitabu, lugha na madarasa unayoyalenga, na uombe upangiwe shule yenye chumba au angalau kabati linalofungika. Shule za msingi zimegawanywa kwa zoni, na kila zoni ina kituo cha walimu kinachojulikana kwa kifupi TDC, chenye mshauri wa elimu ambaye kazi yake inafanana na ya mratibu elimu kata wa Tanzania. Huyo ndiye mtu wa kumjua kuliko wote, kwa sababu yupo karibu na shule na hahusiki na kabati lake. Kama shule haina pa kuweka vitabu, TDC inaweza kuvitunza na kuvizungusha kwenye shule za jirani.

Mwandikie mwalimu mkuu kwa heshima. Chichewa humheshimu mtu mmoja kwa umbo la wingi, kwa hiyo mwalimu mmoja huitwa aphunzitsi. Anza na "Muli bwanji?", maliza na "Zikomo kwambiri", katikati andika Kiingereza chepesi.

Swali la "mnahitaji vitabu gani?" halina faida. Jibu lake huwa "vyovyote", kwa kuwa hakuna anayetaka kumkatisha tamaa mtoa zawadi. Uliza yenye majibu ya namba au ndiyo na hapana: Kuna wanafunzi wangapi kwa kila darasa? Lugha gani inazungumzwa uwanjani wakati wa mapumziko? Mlishawahi kupokea vitabu, na viko wapi leo? Nani anashika ufunguo? Paa linavuja? Nani atakuwa mwalimu wa maktaba, na ana vipindi vingapi kwa wiki? Swali la vitabu vya zamani ndilo linalosema mengi. Shule iliyokwisha kupokea boksi tatu na zote zimefungwa haina njaa ya vitabu; ina tatizo jingine, nawe shughulika na hilo kwanza.

Uliza pia kuhusu dini bila kuona haya. Wakristo ni wengi nchini, lakini ukanda wa ziwa upande wa Mangochi na Machinga una Waislamu wengi. Njia rahisi kwa shule ya serikali ni kutopeleka kitabu cha mahubiri cha upande wowote.

Hesabu ya vitabu 400

Chukua shule yenye watoto 800. Kosa la kawaida ni kupeleka vitabu 400 vyenye majina 400 tofauti. Mwalimu mwenye watoto 100 hawezi kufundisha kusoma kwa vitabu 100 visivyofanana. Anahitaji nakala nyingi za kitabu kimoja ili watoto watatu watatu washike kimoja na kufuata mstari uleule. Watoto 100 kwa vikundi vya watatu ni nakala 34. Nakala 10 si 34, lakini zinatosha kundi moja la watoto 30 kusoma na mwalimu huku wengine wakiandika, kisha wabadilishane.

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu. Vijitabu 200 vya Chichewa, yaani hadithi 20 kwa nakala 10 kila moja. Vitabu 100 vya Kiingereza chepesi sana, majina 25 kwa nakala 4. Vitabu 40 vya maarifa vyenye michoro: mimea, mwili, mashine, anga. Kamusi 20 za Kiingereza za wanafunzi. Atlasi 10. Vitabu 30 vya walimu, vya mbinu za kufundisha kusoma na hesabu.

Kwenye vile 40 vya maarifa usibane mkono, na ubora wake uwe juu. William Kamkwamba, kijana wa Wimbe wilayani Kasungu, aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akawa anaazima vitabu vya sayansi vilivyotolewa kama zawadi kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alifuata michoro na kuyasaka maneno yaliyoandikwa chini yake, akajenga mtambo wa upepo kwa vipuri vya baiskeli, feni ya trekta na miti. Kitabu chenye mchoro unaoonyesha kitu kilivyo ndani, mishale na majina ya sehemu kinamfaa msomaji ambaye lugha yake haijafika. Kitabu chenye aya ndefu na picha ya mapambo hakimfai, hata kiwe kipya namna gani.

Uzito wake: vijitabu 200 vya gramu 30 ni kilo 6. Vile 100 vya Kiingereza chepesi, kwa gramu 150, ni kilo 15. Maarifa 40 kwa gramu 400 ni kilo 16, kamusi 20 kwa gramu 700 ni kilo 14, atlasi 10 kwa gramu 600 ni kilo 6, na vya walimu 30 kwa gramu 500 ni kilo 15. Jumla kilo 72. Nusu nzima ya vitabu, ile itakayosomwa kuliko yote, ina uzito wa kilo 6 tu. Ukilipa usafiri kwa kilo, hiyo ndiyo biashara.

Kutengeneza vijitabu vya Chichewa

Vijitabu hivi hutavipata kwenye kabati za marafiki zako. Ama uvinunue Malawi kwenyewe, ambako Blantyre ndiyo ngome ya wachapishaji, ama uvichape. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, zenye leseni inayoruhusu kunakili na kugawa. Soma leseni ya kila hadithi, na ukurasa wenye majina ya mwandishi, mchoraji na mfasiri usiung'oe kwa ajili ya kubana karatasi.

Hadithi ya kurasa 16 inaingia kwenye karatasi 4 za A4 zilizokunjwa kuwa A5, pamoja na karatasi 1 ya jalada. Nakala 200 zinahitaji karatasi 800, yaani rimu mbili zinatosha na ziada ya kuharibu, na karatasi ngumu 200 za gramu 160 kwa majalada. Tumia printa ya leza. Wino wa maji huchuruzika kwenye unyevu wa Januari, na mikono ya watoto humalizia.

Chagua mpangilio wa kijitabu kwenye programu ya kuchapa, na weka karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ukiweka upande mrefu, kurasa za nyuma zote zitatoka kichwa chini miguu juu. Watu wameshachoma rimu nzima kwa kosa hilo moja. Ukipanga kwa mkono, karatasi ya nje huwa na kurasa 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Inayofuata 14 na 3, kisha 4 na 13. Halafu 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya ndani kabisa 10 na 7, kisha 8 na 9. Chapa nakala moja, ikunje, isome yote. Ndipo uchape zilizobaki.

Pini za stepla ni za haraka, lakini hushika kutu msimu wa kwanza wa mvua na kula karatasi. Uzi unadumu. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, sentimita 10.5 kutoka juu, na mengine sentimita 5 kutoka kila ncha. Kata uzi wa sentimita 60. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani, toka nje, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka hadi la chini utoke nje, rudi kwa la kati, kisha funga fundo ncha zote mbili juu ya uzi mrefu. Aliyezoea anashona vijitabu 20 hivi kwa saa, kwa hiyo jioni mbili za watu watano zinamaliza kazi yote.

Kabla ya kuchapa 200, mtumie mwalimu wa shule husika hadithi zote 20 kwa simu. Mwache akatae. Hadithi mbili au tatu zitakuwa na lugha ya kigeni au picha isiyoeleweka, na ni nafuu kukataliwa kwenye WhatsApp kuliko kwenye karatasi.

Kuchambua vinavyoletwa

Tangazo lako ndilo linaloamua utapata nini. Ukiandika "tunapokea vitabu vyovyote", watu watasafisha vyumba vyao kupitia kwako. Andika unachotaka na usichotaka: "Vitabu vya watoto vya Kiingereza chepesi, visivyozidi kurasa 32, kamusi za wanafunzi, vitabu vya sayansi vyenye michoro. Hatupokei majarida, riwaya za watu wazima, vitabu vya mitihani, wala kilichochanika." Hata hivyo vitakuja.

Kila kitabu kipitie mikono mitatu. Wa kwanza anakifungua katikati na kukinusa. Harufu ya kuvu ni tiketi ya kurudi, kwa kuwa kitabu kimoja chenye ukungu kikifungiwa wiki mbili kwenye boksi huambukiza jirani zake. Wa pili anahesabu kurasa zilizong'oka na kutazama michoro ya kalamu. Kitabu cha mazoezi kilichokwisha kujazwa majibu hakina kazi tena. Wa tatu anapima ugumu: soma ukurasa mmoja, uhesabu maneno ambayo mtoto wa Darasa la 5 asiyeongea Kiingereza nyumbani hayajui. Yakifika matano, kitabu kinapanda ngazi au kinabaki. Wachangiaji wengi hukadiria ugumu kwa kumkumbuka mtoto wao wenyewe aliyekulia kwenye katuni za Kiingereza. Hicho si kipimo.

Atlasi itazamwe Sudan Kusini. Kama haipo, imechapwa kabla ya 2011. Vitabu vya afya na kompyuta vya zamani vitolewe bila huruma.

Ngazi zionyeshwe kwa utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu badala ya namba za maktaba, ambazo mtoto hazimsaidii. Kijani: sentensi moja fupi kwa ukurasa. Njano: sentensi mbili au tatu. Bluu: aya. Nyekundu: sura. Mgongo uliolegea piga solatepu pana ya sentimita 5, iingie kidogo kwenye majalada yote mawili.

Kufunga na kuvusha mpaka

Boksi bora la vitabu ni lile la rimu tano za A4. Limetengenezwa kubeba kilo 12.5 za karatasi na halitanuki. Boksi kubwa la televisheni au mikate litajaa kilo 30, litapasuka chini, na hakuna atakayelibeba hatua za mwisho, ambazo mara nyingi ni juu ya kabaza, baiskeli ya abiria. Kilo 72 ni maboksi sita.

Weka mfuko wa nailoni ndani ya boksi kwanza. Laza vitabu, vizito chini, migongo ikipishana kushoto na kulia ili rundo lisiegemee upande mmoja. Jaza nafasi zote kwa magazeti yaliyofinyangwa. Kitabu kinachocheza njiani hufika kikiwa na pembe zilizoliwa. Usiweke nakala zote 10 za hadithi moja kwenye boksi moja: tano huku, tano kule, ili boksi moja likipotea hadithi isipotee nalo. Andika pande mbili "1/6", "2/6" na kuendelea. Orodha ya yaliyomo iwe ndani ya boksi, nakala nyingine kwa dereva, ya tatu kwa mwalimu kwenye simu.

Kutoka Mbeya barabara inashuka Tukuyu hadi Kasumulu, inavuka mto Songwe, kisha inaingia Karonga na kufuata barabara kuu ya M1 kwenda Mzuzu, Kasungu na Lilongwe. Malawi haina bahari, na sehemu ya shehena yake hupitia Dar es Salaam, hivyo malori ya njia hiyo yapo. Maboksi sita yanaingia kwenye nafasi iliyobaki ya lori la mtu mwingine.

Nyaraka za kuwa nazo ni barua ya zawadi kutoka kwenu, barua ya shule kukubali, barua ya ofisi ya elimu ya wilaya, orodha ya mzigo, na karatasi ya thamani. Kwenye thamani usiandike sifuri. Forodha inahitaji namba, na sifuri hufanya afisa aanze kukadiria mwenyewe. Andika thamani ndogo ya kweli kwa kila kundi, na sentensi "si ya kuuzwa".

Usichanganye bidhaa. Kwenye mfumo wa kimataifa wa forodha, kitabu kilichochapwa kipo kifungu 4901, kitabu cha picha au cha kupaka rangi cha watoto kipo 4903, na ramani zipo 4905. Daftari ni 4820, kalamu 9608, penseli 9609. Ukisukuma dazeni tano za madaftari kwenye nafasi iliyobaki, mzigo wako si wa vitabu tu tena, na kila kundi linaweza kutozwa kivyake. Madaftari na penseli vinunuliwe Malawi kwa kwacha. Wakala wa forodha aulizwe kabla ya kupakia, akiwa na orodha mkononi, na jibu lake liwe la maandishi.

Rafu, mchwa na ufunguo

Ubao wa rafu wa unene wa sentimita 2 usizidi sentimita 80 kati ya mihimili; ukizidi, utapinda kabla ya Krismasi. Rafu ya chini iwe sentimita 20 kutoka sakafuni, na rafu nzima ikae mbali na ukuta upana wa kiganja. Nafasi hiyo inapitisha hewa, na inakuonyesha njia za udongo za mchwa kabla hawajafika kwenye karatasi. Mchwa hupanda ukutani wakati hakuna anayetazama, kwa hiyo likizo ndefu ndiyo hatari kubwa. Mtu mmoja alipwe au aombwe kupita kila wiki.

Lakini adui mkubwa wa vitabu hivi ni kufuli. Mwalimu mkuu ndiye anayewajibika kwa mali ya shule, na kitabu kilichopotea kinaweza kumletea maswali. Kitabu kilichofungiwa kabatini hakimletei swali lolote. Kwa hiyo anafunga, na anafunga kwa akili timamu. Kumhubiria umuhimu wa kusoma hakubadilishi hesabu hiyo. Barua inabadilisha. Andikeni kwamba mnatarajia vitabu vichakae na vingine vipotee, kwamba kitabu kimoja kati ya kumi kikipotea kwa mwaka hamtamdai mtu, na kwamba mtakachouliza ni mara ngapi vimeazimwa. Mshauri wa zoni na kamati ya shule wasaini nakala.

Daftari la kuazima liwe na safu tano tu: tarehe, jina la mtoto, darasa, namba ya kitabu, tarehe ya kurudi. Maktaba zenye safu kumi na mbili huacha kuandika wiki ya pili. Watoto wawili wa Darasa la 7 wanaweza kulishika wakati wa mapumziko. Kila kitabu kiwe na muhuri wa shule ukurasa wa kwanza na ukurasa wa katikati, kwa sababu ukurasa wa kwanza hung'oka kirahisi.

Baada ya muhula mmoja omba picha za kurasa za daftari hilo, si picha za watoto wakitabasamu na vitabu. Soma namba. Hadithi zilizotoka mara 30 ziongezewe nakala, na zile ambazo hazikuguswa zichunguzwe: je, ni ngumu, zina picha hafifu, au zipo rafu ya juu ambako mtoto hafiki? Ukiona kuazima kumeporomoka Februari, kumbuka miezi ya njaa kabla ya kumlaumu mwalimu, kisha linganisha na Juni. Mzigo wa pili upangwe kutoka kwenye daftari hilo, na mara nyingi utakuwa mdogo kuliko wa kwanza: vijitabu 150 vya Chichewa na kamusi kumi, vinavyoingia kwenye boksi moja.